Mwali, Chatu na Treni ya Usiku: Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mapenzi na Maajabu Ukiiweka Kisaki

Mwombe kijana anayeanza kuandika akusomee sura ya kwanza ya riwaya yake ya mapenzi na maajabu. Mara nyingi utajikuta Masaki, Dar es Salaam, ndani ya ukumbi wa muziki. Taa zinazunguka, msichana anacheza peke yake, na kwenye kona amesimama mvulana asiyekula wala kunywa. Kufikia ukurasa wa ishirini tumekwisha kujua kwamba kinywaji chake ni damu. Mnyonyadamu huyo amekuja na filamu za wenyewe. Hapa kwetu hana mjomba, hana mtani, hana kaburi la babu la kufagia, na ndiyo maana ikifika sura ya tatu mwandishi hajui amfanyie nini.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuandika riwaya ya namna hiyohiyo, ya vijana, mapenzi, ngoma na mambo yasiyoelezeka, lakini iwe na kwao. Nimeichagulia Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru. Shauri langu kubwa ni moja: nguvu ya ajabu na kikwazo cha mapenzi vitoke mahali pamoja, na mahali hapo pawe sheria za ngoma yenyewe. Nani anaruhusiwa kuingia uwanjani? Nani hagusi chapuo? Nani haonekani mpaka siku yake ifike? Nani anaweza kumwita nani katikati ya wimbo, na aliyeitwa akikataa inakuwaje? Ukishazijua sheria hizo, mapenzi ya wawili wanaozivunja yanajipa msukosuko yenyewe, na hutahitaji kumleta jini sura ya kumi kuokoa kisa kilichokwama.

Utaniuliza mji uko wapi katika riwaya ya maajabu ya mjini ikiwa nakupeleka Kisaki. Swali zuri. Kisaki ni kata ya Morogoro Vijijini, kiasi cha kilomita 140 kutoka Morogoro mjini kwa barabara ya Bigwa, Matombo na Mvuha. Watu wanalima mpunga, mahindi na ufuta, na tembo wanakuja kuuonja mpunga huo bila kualikwa. Lakini pana kijiji cha Gomero, na pana Stesheni. Stesheni ni ya TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni ya abiria inapofika, jioni au usiku kutegemea imechelewa kiasi gani, mahali palipokuwa kimya panakuwa mji kwa nusu saa. Kuna vyakula vinavyouzwa madirishani, kuna wageni wanaozungumza Kibemba na Kinyakyusa, kuna bodaboda zinagombea mizigo, kuna spika inalia singeli. Kisha treni inaondoka kuelekea hifadhini na mji unaondoka nayo.

Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Mji unaokuja na kuondoka kwa ratiba ni jambo la ajabu kabla hujaongeza ajabu lolote lako. Andika riwaya ambayo mambo yake makubwa yote yanatokea katika nusu saa hizo, na mengine yanayoyatayarisha au kuyalipia yanatokea siku za katikati. Ukitaka mji mkubwa zaidi, mpeleke mhusika wako Morogoro kwa sura moja au mbili. Pale lipo Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa upya mwaka 2021, lenye jina la ukoo wa watawala wa Kinole waliosifika kwa kuleta mvua. Ipo pia treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar na Morogoro katikati ya 2024. Msichana aliyezoea treni ya Kisaki akapanda ile ya umeme atashangazwa na kitu ambacho wenyeji wa mjini hawakioni: inaondoka saa iliyoandikwa.

Sasa historia. Hapa ndipo waandishi wengi wanapojaza gunia mpaka linapasuka. Kisaki na Ukutu kwa jumla, yaani nchi ya Wakutu, vina vivuli vya kutosha riwaya saba. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita Zungomero mwaka 1857 na misafara ya pembe. Mwaka 1905, kabla na wakati wa Vita vya Maji Maji, habari zilienea Ukutu na Uzaramo kwamba Kolelo, mwenye pango katika Uluguru, amewakataza watu kumlipa Mjerumani kodi. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vya Afrika Kusini vilishambulia Kisaki, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck akarudi nyuma hadi mto Mgeta, na majeshi yakakaa yakitazamana kwenye mvua na njaa mpaka Januari 1917. Miaka ya sabini wakaja Wachina na Watanzania wa reli. Usitumie vyote. Chagua kimoja kiwe mzizi wa ajabu, kingine kipite kama mazungumzo ya wazee kijiweni, na vilivyobaki viache kwa riwaya nyingine. Mimi Burton ningemwacha kabisa. Amekwisha kuandikwa vya kutosha, na sehemu kubwa aliiandika mwenyewe.

Vita vya 1916 vinavutia kwa sababu askari walikuwa na ngoma yao. Beni, ngoma ya kuigiza gwaride la kizungu, ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, na ilisambaa katika Tanganyika pamoja na askari na wapagazi wa vita hivyo. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka 1975. Gwaride la wafu linalocheza beni kandokando ya reli ni picha inayokaa kichwani. Tatizo lake ni kwamba wafu hao watavuta macho yote, na vijana wako wawili watabaki watazamaji. Nikipewa nafasi ya kuchagua, namchukua Kolelo.

Kolelo ni mzimu unaosimuliwa kwa umbo la nyoka mkubwa, na pango lake liko milimani upande wa Kolero. Waluguru, Wakutu na Wazaramo walimwendea kwa mambo ya mvua na mavuno. Wapo wanaomheshimu hadi leo, kwa hiyo si mali yako ya kuchezea. Nitarudi kwenye hilo.

Upande wa pili kuna jambo ambalo halikutoka Kisaki lakini limefika mkoani Morogoro kwa miguu ya ng'ombe. Wasukuma wengi wamehamia na mifugo yao katika mabonde ya mkoa huu, na Wasukuma wanakuja na ngoma. Si ngoma ya kupoteza muda. Tangu karne ya 19 wamegawanyika katika vyama viwili vya wachezaji, Wagika na Wagalu, vilivyoanzishwa na mafundi wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Vyama hivi hushindana baada ya mavuno. Kila upande unacheza kwenye uwanja wake, wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayewavuta watu. Ndiyo maana kila upande una mganga wake na dawa yake ya kuvuta macho. Bujora, karibu na Mwanza, mashindano hayo yanaonekana kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo mwezi Juni. Na wapo Wayeye, chama cha wajuzi wa nyoka na dawa za sumu, wanaocheza na chatu mabegani mbele ya watu.

Unaona tunapokwenda. Kwa msichana wa Kikutu, nyoka mkubwa ni wa kuendewa kwa utulivu, na wenye ruhusa ya kumwendea ni wachache. Kwa mvulana wa Kisukuma aliyezaliwa katika nyumba ya Wayeye, chatu ni mchezaji mwenzake, amemzoea tangu utotoni. Wakikutana Stesheni na kupendana, hawatenganishwi na ubaya wa mtu yeyote. Wanatenganishwa na adabu mbili tofauti mbele ya kiumbe kimoja. Hakuna mwovu hapo, na riwaya ya vijana isiyo na mwovu wa bei rahisi ni ngumu kuiandika, lakini ndiyo inayosomwa mara ya pili.

Tuwape majina ya kufanyia kazi: Tatu na Masanja. Tatu ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anamsaidia mama yake kuuza wali na samaki kwa abiria wa treni. Masanja ana ishirini na moja, amechoka kuchunga, anaendesha bodaboda ya mtu. Umri nimeutaja kwa makusudi. Wasomaji wako wengi watakuwa wanafunzi, lakini wapendanao wako wasiwe wanafunzi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini. Hata bila sheria, kumwandika mtoto wa shule kama mpenzi wa mtu mzima ni kumkosea msomaji aliye na umri huohuo. Wapendanao wawe watu wazima vijana, na mapenzi yao yaonekane katika kutazamana, kungojana na kucheza. Ngoma itabeba mengine yote.

Sasa sheria za ajabu lako. Usizitunge kichwani, zitazame ngoma zinavyofanya kazi. Kwanza, ngozi inapoa. Mpiga ngoma yeyote wa pwani au bara atakwambia kwamba usiku umande ukishuka ngozi inalegea na sauti inazama, na ngoma lazima irudishwe motoni. Basi nguvu ya Tatu idumu kadiri ngozi ilivyo na joto. Hapo una saa yako ya hadithi: moto wa mabua unazimika, mpasha ngoma amelewa, treni inapiga honi kwa mbali, na Tatu yuko katikati ya jambo ambalo haliwezi kukatizwa. Huhitaji kueleza chochote. Msomaji atalitazama lile jivu kwa wasiwasi kuliko panga lolote.

Pili, nguvu ni ya anayetazamwa. Hili tunalichukua kwa Wagika na Wagalu. Masanja anapocheza na watu wakamzunguka, anaweza jambo. Mmoja akigeuka kwenda uwanja wa pili, anapungukiwa. Fikiria basi usiku ambao Tatu anacheza uwanja mmoja na Masanja mwingine, wote kwa sababu njema, na kila mmoja anajua kwamba akishinda anamdhoofisha mwenzake. Hiyo ni sura ya mapenzi. Haina hata neno moja la mapenzi ndani yake.

Jambo la tatu, lazima kuwe na malipo, na malipo yatoke mwilini mwa mchezaji. Asiyelipa kitu hachezi ajabu, anafanya mazingaombwe. Labda kila usiku wa nguvu unamwondolea Tatu wimbo mmoja alioujua tangu utoto. Anaamka asubuhi, mama yake anauimba, yeye anausikia kama mgeni. Malipo ya namna hii yanafaa kwa sababu yanapimika: msomaji anahesabu nyimbo zilizobaki, na akifika robo ya mwisho ya kitabu anajua kwamba umebaki mmoja, ule aliofundishwa na bibi yake.

Emmanuel Mbogo alikwisha kutuonyesha njia hii katika tamthilia yake ya Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988), inayomhusu mganga na mchezaji maarufu wa Usukumani. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka (2001), alimtoa mfu kaburini akatembee nchini mwa leo. Wasome wote wawili kabla hujaandika, usome na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952. Si kwa kuwaiga. Ni kwa kujua kwamba maajabu katika Kiswahili hayakuanzia kwenye filamu, na kwamba hayo yako yataingia kwenye ukoo wenye wazee.

Nyumbani kwa Tatu kuna kitu kingine cha kutumia kwa uangalifu. Wazaramo, Wakwere, Wakutu na Waluguru, jamaa wa ukoo mmoja mkubwa wa mila, walikuwa na desturi ya kumweka ndani mwali kabla hajatolewa kwa ngoma, na mwali alikabidhiwa sanamu ndogo ya mti, mwana hiti: kiwiliwili kisicho na mikono, kichwa chenye nywele zilizogawanyika kama vishungi viwili. Ilitunzwa na kupokezwa. Kwa riwaya ya maajabu, mwana hiti inashinda pete ya dhahabu na upanga unaong'aa mara kumi, kwa kuwa ni ndogo, ni ya wanawake, na mtu akiiona juu ya kabati katika nyumba ya sanaa Ulaya bei yake haisemi ilikotoka. Tatu anaweza kuwa ndiye wa mwisho aliyeipokea, bila kufundishwa yote yaliyopaswa kwenda nayo.

Lakini mambo ya ndani ya unyago usiyaandike. Hayo si ya karatasi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alikaa miaka na Wazaramo na kuchapisha kitabu chake juu ya mila na alama zao mwaka 1970. Unachohitaji kwa riwaya kinapatikana katika vitabu vya namna hiyo, maktaba za chuo kikuu. Usiende kumkalia bibi wa Gomero kwenye jamvi lake umbane akwambie alichoapa kutosema. Katika riwaya yenyewe, mlango ukifungwa, hadithi ibaki nje na wanaume na watoto, isikilize vigelegele. Msomaji atavumilia. Kwa kweli atataka zaidi kwa sababu amenyimwa.

Kikwazo cha pili cha wapenzi hawa ni cha kawaida, na ndicho kitakachowaliza wasomaji. Kwa Wakutu na Waluguru ukoo unafuata mama. Mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Kwa Wasukuma mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wakishapokelewa watoto ni wa baba. Mapenzi ya Tatu na Masanja yakifika kwa wazee, swali halitakuwa kama wanapendana. Litakuwa watoto watazikwa wapi. Na mjomba wa Tatu, ambaye mahindi yake yaliliwa na ng'ombe mwaka jana, atamkaribisha Masanja vizuri kabisa, atampa kiti, ataitikia shikamoo yake, kisha atamuuliza:

"Ng'ombe wenu wamelala wapi usiku wa leo, kijana?"

"Wapo zizini, mjomba."

"Zizi lina mlango?"

Mazungumzo ya mistari mitatu ya namna hiyo yana uzito kuliko kurasa tatu za mzee anayefoka. Ugomvi wa wakulima na wafugaji ni wa kweli mkoani Morogoro na watu wamepoteza maisha, kwa hiyo uguse kwa mkono mwepesi na kwa haki. Mpe mjomba sababu. Mpe na baba wa Masanja sababu, ya ukame uliomtoa kwao na ya kufukuzwa kila anapofika. Ukijikuta kabila moja katika kitabu chako lina watu wema wote na jingine wabaya wote, simama, urudi sura ya kwanza.

Tuje kwenye kazi yenyewe ya kuandika ngoma, maana hapa ndipo riwaya nyingi zinapokufa. Mwandishi anaandika: "Tatu alicheza vizuri sana, kila mtu akashangaa." Hatukuona kitu. Jaribu hivi:

"Tatu hakuinua mguu. Kisigino kilibaki ardhini, vumbi likapanda hadi kifundoni, na kiuno kikamjibu mpiga chapuo kabla hajamaliza alilokuwa akisema. Muuza karanga akafunika beseni lake. Mtu hauzi wakati kama huu."

Yapo mambo matatu hapo. Kiungo kimoja cha mwili, si mwili mzima. Jibu kati ya mchezaji na mpigaji, kwa sababu ngoma zetu ni mazungumzo, na asiyejibiwa anaacha kupiga. Na mtu wa pembeni anayebadilisha anachokifanya. Huyo ndiye kipimo cha msomaji. Ukimpata mtu wa pembeni aliye sahihi, unaweza kupunguza maelezo ya mchezaji kwa nusu.

Kumbuka kwamba miili ya hawa wawili haikufundishwa mambo yaleyale. Ngoma za pwani na jirani zake, mdundiko na jamaa zake, zimejaa kiunoni na nyayoni, na mdundiko hutembea, unapita mitaani ukikusanya watu. Bugobogobo ya Wasukuma inarusha jembe na kulidaka, inajaza mabega na mikono, na njuga miguuni zinahesabu. Usiku wa kwanza Tatu na Masanja wanapojaribu kucheza pamoja, wacha wagongane. Tatu yuko chini, Masanja yuko juu. Wacha waache, wacheke, waone aibu. Sura tano baadaye, wanapopatana bila kuambizana, hutahitaji kuandika kwamba wamependana.

Kisha kuna spika ya Stesheni. Singeli inakwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kutokana na mchiriku na ngoma za Kizaramo. Wazaramo ni jamaa wa karibu wa Wakutu, kwa hiyo singeli inayolia Kisaki kutoka kwenye simu ya bodaboda si mgeni kabisa. Ni mjukuu aliyekulia mjini. Bibi wa Tatu anaweza kuichukia kwa mdomo huku mguu wake ukiitambua. Kwenye kurasa za singeli fupisha sentensi. Kata viunganishi. Rusha vitenzi. Kwenye kurasa za mdundiko ruhusu sentensi itembee, ipinde kona, impokee mtu mlangoni na kuendelea naye, na usiweke nukta mpaka mwili wenyewe umechoka. Soma kwa sauti. Pumzi yako ikikatika mahali pasipostahili, pana kosa.

Nyimbo tunga mwenyewe. Usichukue wimbo wa msanii aliye hai wala wa Mbaraka Mwinshehe, hata kama ni shujaa wa Morogoro na hata kama kila mtu anaujua. Maneno ya wimbo ni mali ya watu, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Wimbo wa ngoma ni rahisi kuutunga kuliko unavyodhani: mwimbishaji mmoja, waitikiaji wengi, mstari mmoja unaorudi. Mstari huo mmoja utumie mara nne katika kitabu, kila mara ukiwa na maana nyingine, na usiueleze hata mara moja.

Kuhusu lugha ya wahusika, Kiswahili cha Kisaki kina ladha yake, na huwezi kuipata ukiwa Sinza, Dar es Salaam. Nenda. Nenda kiangazi, kuanzia Juni hivi, mavuno yakishaingia, kwa sababu ndipo ngoma zinapochezwa na ndipo barabara inapopitika. Masika, Machi hadi Mei, itakushikilia njiani. Panda treni ikiwa siku zinakuruhusu, kwa kuwa riwaya yako inaihitaji ile hali ya kungoja gizani. Fikia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla hujaanza kuulizauliza. Mgeni mwenye daftari anayezunguka kando ya hifadhi anatiliwa shaka, na ni haki yao. Shuka na zawadi ndogo kwa wazee: sukari, sabuni, kitenge. Usirekodi bila kuomba. Uliza mambo madogo. Ngoma hii huanza saa ngapi? Ngozi ya nini? Nani anakaa karibu na moto? Majibu ya maswali madogo ndiyo yatakayokupa kurasa. Ukiuliza "mila zenu ni zipi" utapewa hotuba.

Nenda pia kwenye chemchemi za maji moto. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, imeiweka Kisaki katika maeneo inayoyachunguza ili kuzalisha umeme, na hapo una jambo la leo la kupambana na la kale: mashine za kuchoronga na kitu kinacholala chini. Sipendi wazo la nyoka kukasirikia umeme, limechakaa, na watu wa Kisaki wanautaka umeme kama wewe. Afadhali nyoka asijali kabisa, na watu ndio wagombane kuhusu anachofikiri.

Urefu? Kwa vijana maneno elfu arobaini hadi hamsini yanatosha. Andika rasimu ya kwanza bila kurudi nyuma. Kisha chukua kalamu nyekundu ufute kila mahali ulipoeleza jinsi ajabu linavyofanya kazi. Vingi vya hivyo ulijiandikia mwenyewe, si msomaji. Mhakiki wako wa kwanza asiwe mwandishi mwenzako. Awe msichana wa miaka kumi na saba asiyekuonea haya.

Kuchapisha nitakupitisha haraka. Mchapishaji atashughulika na namba ya utambulisho wa kitabu, na ukijichapishia mwenyewe unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Zipo tuzo mbili zinazofaa kuzitazama: ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell na inayopokea miswada ya Kiswahili, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako. Waamuzi wengine wanaona maajabu ni mambo ya watoto. Usiwape sababu: sarufi iwe safi, kisa kiwe na mwisho.

Kabla ya kutuma popote, rudi kwenye ile habari ya Kolelo. Tafuta mtu mzima wa Kikutu au Kiluguru aliye tayari kusikiliza, umsomee sura zote zinazomgusa, pamoja na ile ya Masanja na chatu. Umwambie mapema kwamba una uwezo wa kubadili. Akisema jina la pango lisitajwe, libadili jina. Akisema mahali fulani hapafikiwi na kijana wa kiume, usibishane naye kwa hoja za ubunifu. Mzuie Masanja mlangoni, uone riwaya inavyokwenda akiwa amesimama nje. Na akisema sura nzima haifai, muulize ni sentensi ipi iliyomchukiza. Mara nyingi ni moja. Ikiwa ni zote, una wiki chache za kazi mbele yako, na bado hujapeleka kitabu kiwandani.